Nyanya cheri zimenizidi masika hii, nizifanyeje zisiozee kwenye ndoo?

MkulimaWaUsa

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Niko huku Usa River, nina kigrinihausi cha mita 8 kwa 15, ndani kuna miche kama 250 ya nyanya cheri, zile ndogo za duara ambazo ukienda kula lodji wanakuwekea tatu pembeni ya sahani na jani la saladi halafu bili inakuja kama umekula mbuzi mzima. Awamu ya kwanza nilivuna toka Novemba mpaka Februari na namshukuru Mungu, jamaa wa manunuzi wa lodji moja alikuwa anabeba zote, mimi napaki vipakiti vya gramu 250 yeye anakuja na gari. Nikanogewa. Januari nikapandikiza awamu ya pili bila hata kumuuliza mtu.

Sasa ndo hii Aprili, masika imeingia, kambi nyingi zimefunga, wageni hakuna, na jamaa yangu simu anapokea vizuri tu ila jibu lake ni moja, "tuonane Juni kaka". Juni! Nyanya zangu hazijui kalenda ya watalii, kila siku ya tatu navuna ndoo tatu mpaka nne za lita 20. Jumamosi nikapeleka soko la Tengeru, mama mmoja akachukua moja akaigeuza geuza akaniuliza hizi zimedumaa au? Nikauza sado tatu kwa bei ya kutupa, zilizobaki nikarudi nazo kwa bodaboda, na kufika nyumbani zile za chini kwenye ndoo zimeshapasuka zinatoa maji.

Hivi ninavyoandika nina ndoo tano sebuleni. Mke wangu ameshapika mchuzi, rosti, supu, kachumbari asubuhi na jioni, mtoto wa miaka minne jana kaona sahani kaanza kulia. Friza ninayo ndogo na umeme wetu mnaujua. Oveni sina, nina jiko la gesi la plati mbili na majiko ya mkaa. Naombeni mawazo ya kuhifadhi, na mwenye njia ya kuuza pia asinyamaze. Kumwaga roho haitaki, mbegu zenyewe za F1, yaani chotara, nilinunua kwa kuhesabu punje.

kijana_wa_Ilula

Mkuu mbona rahisi hiyo. Kata katikati, nyunyiza chumvi, tandaza kwenye wavu, anika juani siku tatu nne mpaka zinakuwa kama zabibu kavu, weka kwenye chombo kikavu funga. Kilo kumi zinarudi chini ya kilo moja kwa hiyo hata nafasi hazili. Sisi huku bei ikianguka watu wanamwaga matenga kando ya barabara kuu magari yanapita yanaangalia tu, wakati ungeanika ungekula mpaka Krismasi.

MamaNgare

Kijana wa Ilula umesoma alichoandika au umeona neno nyanya ukarukia? Aprili, Usa River, jua lipi? Mimi niko Ngarenanyuki, nyanya ndo zimenilelea watoto, na huo mkenge wa kuanika masika niliuingia mwaka juzi. Nilipanga trei sita juu ya banda la kuku, siku ya kwanza jua likatoka saa nne likarudi kwao saa saba, usiku sikuingiza ndani nikafunika turubai nikasema kesho. Asubuhi nafunua, zimelala vile vile ila zimeota manyoya meupe, siku ya tatu yakawa kijani. Nikachimba shimo nikafukia, jirani akaja kuuliza nazika nini.

Mdogo wangu mwenye swali, kabla hujafikiria kuhifadhi chochote toa hizo nyanya kwenye ndoo usiku huu huu. Ndoo ndo inakuulia nyanya. Cheri ngozi yake nyembamba, uzito wa juu unapasua za chini, na moja ikivuja maji yake yanaozesha ishirini. Tandaza mkeka au magunia makavu chumba chenye ubaridi, weka tabaka moja tu, usizioshe, na kile kikofia cha kijani kiache juu yake. Halafu gawa mafungu. Zilizopasuka ni za kupika leo, hizo hazina kesho. Zenye kitundu kidogo kama umechoma na pini hizo ni kazi ya kantangaze, yule kiwavi anayetoboa nyanya, kata uone ndani, sehemu iliyoliwa tupa, na usizichanganye na nyingine, huyu mdudu toka atuingilie 2014 hana adabu kabisa. Zilizo nzima na ngumu zina wiki nzima na zaidi hapo sakafuni, wala usiziwahishe kwenye friji, zikikaa kwenye baridi zinapoteza utamu zinakuwa kama zimelowekwa.

Na kuanzia kesho acha kuchuma zikiwa zimewiva kabisa. Chuma zikianza kugeuka tu, ule wekundu wa shavuni, zitamalizia zenyewe ndani ya nyumba na hazitapasuka ovyo. Dripu pia fungulia kidogo kidogo kila siku, siyo unasahau siku tatu halafu unazimwagia bahari, hapo ndo ngozi inashindwa kufuata tumbo.

MkulimaWaUsa

Dada asante sana, nimetandaza mpaka chumba cha mgeni. Ndoo moja na nusu ndo zimepasuka kweli, nyingine ziko vizuri kuliko nilivyodhani. Ila dada kuna wazo limenijia, kwa nini nisianike humo humo kwenye grinihausi, natundika wavu juu ya miche? Joto lipo, mvua haiingii.

fundi_kaushio

Usithubutu. Joto lipo ila hewa imelowa, miche 250 inapumua maji humo ndani, ni sawa na kuanika shuka bafuni. Kinachokausha ni hewa kavu inayotembea, joto ni msaidizi tu. Kaushio la jua la kweli lina tundu la hewa chini, bati lililopakwa rangi nyeusi la kupashia, trei za wavu katikati na bomba la kutolea mvuke juu, na hata hilo linataka jua. Hapo Arusha Juni na Julai nako ni mawingu na baridi, kwa hiyo hiyo kazi iweke Septemba. Sasa hivi tafuta moto.

ShemejiMachame

Moto unao mkuu, umesema una majiko ya mkaa. Mke wangu anaoka keki na mikate miaka yote hatujawahi kuwa na oveni, anapalia, na nyanya zinakubali njia hiyo hiyo, sema moto uwe wa kubembeleza.

Chukua sufuria kubwa pana, chini mwaga mchanga mkavu kama vidole viwili, juu ya mchanga weka vijiwe vitatu au lile pete la bati, halafu sinia lako. Nyanya kata katikati kwa upana, siyo urefu, ukikata kwa upana vyumba vyote vya mbegu vinafunguka na maji yanapanda haraka. Panga upande uliokatwa ukiangalia juu, zigusane ila zisipandiane, chumvi kidogo, mafuta ya alizeti vijiko viwili, vitunguu saumu vitupie vizima na maganda yake. Funika na mfuniko wa bati, makaa mawili matatu chini, mengi juu. Watu wengi hukosea hapo, wanaweka moto mkali chini, nyanya zinachemka kwenye maji yake zinakuwa uji. Moto uwe juu, na mfuniko usikae mkao wa kuziba kabisa, pachika kijiti pembeni mvuke utoke. Ukisikia zinalia tsss tsss kwa nguvu punguza, unataka mlio wa chini chini kama mtu anayenong'ona.

Iache kwa muda wa saa mbili hivi. Ukifunua utakuta zimenywea, kingo zimejikunja na kuwa nyekundu iliyoiva kama ya tofali, katikati bado laini. Harufu yake jirani atakuja kuomba chumvi. Hizo hazijakauka kiasi cha kukaa kabatini, hapana, hizo zimepunguza maji nusu tu, kwa hiyo zinakwenda friji siku nne tano au friza miezi. Faida yake ni kwamba ndoo moja inaingia kwenye vipakiti vichache na friza yako ndogo inatosha. Ukitupia kipakiti kimoja kwenye maharage au kwenye dagaa la kukaanga huhitaji nyanya ya kopo tena.

MkulimaWaUsa

Shem hapo kwa kijiti pembeni umenipata. Najaribu kesho.

Bi_Mkunazini

Mwanangu alaa, tungule zote hizo na unauliza? Sie huku Unguja ungetuletea zingekwisha kwa achari tu. Chukua tungule kilo mbili, zile nzima ngumu ngumu, hata zenye ukijani mbavuni zafaa na ndo tamu zaidi. Zioshe, zifute maji ZIKAUKE KABISA, kisha kila moja ichome tundu mbili tatu kwa kijiti cha mshikaki ili siki iingie ndani, la sivyo utauma itakurukia jichoni. Bandika mafuta kikombe kimoja, yakipata moto tia haradali kijiko cha kulia, ngoja zidate, tia uwatu kijiko cha chai, binzari nyembamba, saumu na tangawizi za kutwanga, bizari ya manjano kidogo, pilipili kichaa kwa kadri mnavyoziweza. Tia siki kikombe na nusu, chumvi vijiko viwili vya kulia, sukari vijiko vitatu, ichemke, kisha zimimine tungule zako. Usizikoroge kwa mwiko kama unasonga ugali! Tikisa sufuria tu. Zikianza kuchanika ngozi epua, tia kwenye chupa za kioo zilizochemshwa zingali moto.

Ikae friji wiki moja ndo uifungue. Kula na wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na huyo mtoto anayelia mpe na chapati uone. Na mkeo mwambie kijiko kinachoingia mle kiwe kikavu, tone moja la maji laharibu chupa nzima, mie nimegombana na wakwe kwa jambo hilo.

MkulimaWaUsa

Shikamoo bibi. Uwatu huku sijui kama nitaupata ila duka la Wahindi mjini nitauliza. Nimecheka hapo kwa wakwe.

Bi_Mkunazini

Marahaba mwanangu. Utaupata, mbegu za manjano ngumu kama vijiwe. Ukizidisha itakuwa chungu, shauri lako.

MpishiKijenge

Mkuu mimi nauza chipsi hapa Arusha na sosi nasaga mwenyewe mwaka wa sita sasa. Cheri kwa sosi ina raha yake na tabu yake. Raha ni sukari, ni tamu kuliko hizi nyingine kwa hiyo kwenye sukari unabana. Tabu ni kwamba ni ngozi na mbegu na majimaji, nyama hakuna, na kumenya moja moja utamaliza mwaka.

Usitie kwenye blenda mbichi. Wengi wanafanya hivyo, inasaga mbegu sosi inakuwa na uchungu wa mbali na inajaa hewa, rangi inakuwa ya pinki kama maziwa ya stroberi. Tia nyanya nzima kwenye sufuria na maji glasi moja tu zisishike chini, funika, zikipasuka zote dakika kumi na tano hivi, mimina kwenye chujio la stili ukandamize kwa mwiko mpaka yabaki maganda na mbegu makavu. Hapo ndo unaanza kupunguza maji, bila mfuniko, moto wa kati, na hii ni kazi ya jioni nzima usidanganywe. Mimi kilo kumi huwa nabakiwa na lita tatu hivi. Ikikaribia tia vitunguu maji vinne vilivyosagwa, siki vikombe viwili, sukari kikombe, chumvi, na kitambaa kisafi nimefunga ndani yake karafuu na mdalasini, nakitoa mwishoni. Kujua imeiva weka tone kwenye sahani baridi, ukiona duara la maji linatoka pembeni ya tone bado, rudisha jikoni.

Sufuria tumia la stili au lile la rangi lisilobanduka. Haya yetu ya alumini uchachu unayala, sosi inatoka na ladha kama umelamba funguo.

Na mkuu nifuate inboksi, zile zilizopasuka hata leo nachukua ndoo mbili nije nazipime.

JB_Loitokitok

Ndugu yangu pole, sisi huku Kajiado tunajua kilio hicho vizuri sana, nyanya ni kamari. Wacha nikuulize, kwani lazima uuzie lodji? Hiyo soko la Tengeru ulipeleka nyanya ya mchuzi mahali watu wanatafuta nyanya ya mchuzi, lazima waone ni ndogo. Peleka mahali wanakata kachumbari. Huku wale wa smokie, hizi soseji za barabarani, na mayai boilo wanapenda hizi ndogo juu ukikata mara mbili imeisha, haitoi maji kachumbari ikalowa saa tano asubuhi, inakaa hadi jioni ikiwa imesimama. Kwenu hakuna watu wa nyama choma na ndizi? Zunguka na mfuko mmoja, wape bure siku ya kwanza, rudi kesho. Mimi nilianza na vibanda vinne, saa hii niko na kumi na moja na hakuna mtu ananiambia tuonane Juni.

Kitu ingine, hizo za kuharibika ukipea kuku ni sawa ziwe tu zimeiva na hazina ukungu, lakini usipeane majani na mashina kwa mbuzi, hiyo majani ina sumu.

Dada_Minnesota

Hamjambo. Nimezaliwa Moshi niko huku Minnesota mwaka wa tisa, nina miche sita tu ya cheri aina ya Sungold nyuma ya nyumba lakini Agosti inaniumbua kama wewe hapo, na baridi ya kwanza ikipiga usiku mmoja asubuhi kila kitu kimekuwa cheusi, kwa hiyo huku watu wanahifadhi kwa mbio. Nimesoma hapo juu sosi na achari, naona mtu atakuja kuzitia kwenye chupa ya mayonezi akafunga akaweka kabatini akasema amehifadhi, kwa hiyo naomba nichelewe hapa kidogo.

Nyanya iko mpakani. Kipimo cha uchachu kinachozuia kijidudu cha botulizimu ni pH 4.6 kushuka chini, na nyanya nyingine ziko chini ya hapo nyingine zinapita, huwezi kujua kwa kuonja hasa hizi tamu. Hicho kijidudu kinapenda chupa iliyofungwa isiyo na hewa, hakinuki, hakibadilishi rangi, na sumu yake inalemaza mwili. Kwa hiyo ukitaka kuweka rojo la nyanya kabatini, kila chupa ya nusu lita tia maji ya limau ya chupa kijiko kimoja kikubwa, ya dukani siyo ya kukamua kwa sababu ya dukani uchachu wake haubadiliki. Ukikosa, ile ndimu ya unga robo kijiko cha chai. Acha nafasi ya nusu inchi juu, mfuniko wa chuma MPYA wenye mpira, halafu zichemshe zikiwa zimezama kabisa kwenye maji.

Sasa sikiliza hapa maana mapishi ya mtandaoni mengi ni ya watu wa pwani. Yanasema dakika 35 kwa chupa ya nusu lita. Wewe uko kama mita 1,200 juu ya bahari, maji yako yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100, kama 96 hivi, kwa hiyo yanatokota ila hayana moto ule. Kuanzia kama mita 900 mpaka 1,800 hesabu dakika 45, na aliye Njombe huko juu zaidi aweke 50. Dakika zinaanza kuhesabiwa maji yakichemka siyo ukiwasha jiko.

Kama hiyo yote ni usumbufu, friza. Osha, futa, tandaza kwenye trei zigande moja moja, kisha mimina kwenye mifuko. Zikiyeyuka ngozi inavuka yenyewe kama soksi. Umeme ukikatika usifungue fungue kuchungulia, friza iliyojaa ikibaki imefungwa inashika baridi siku mbili, iliyojaa nusu siku moja.

kijana_wa_Ilula

Dada swali, mbona supamaketi nimeona nyanya zilizokauka ziko ndani ya mafuta na zimekaa shelfu tu, na vitunguu saumu humo humo? Si mafuta yanazuia hewa, mdudu atapitia wapi?

Dada_Minnesota

Kaka hapo ndo penyewe, mdudu mwenyewe ndo anataka pasipo hewa. Kiwanda kinapima uchachu kabla ya kufunga, wewe jikoni hupimi. Nyumbani ukitaka za mafuta, zichovye kwanza kwenye siki, futa, mwagia mafuta, na iishi FRIJI, ile ya kula wiki hii. Saumu mbichi kwenye mafuta kabatini usijaribu hata kwa dawa.

MamaNgare

Kijana wa Ilula leo umekuja kusoma naona.

kijana_wa_Ilula

Nimenyamaza mama.

ChurchillSquare

Si mtoe mbegu tu mkuu uuze mbegu, zile punje za F1 unazolalamikia bei.

fundi_kaushio

F1 ukipanda mbegu zake kizazi kinachofuata kinatawanyika, huyu ndefu huyu fupi huyu chungu. Utauzia watu kesi.

MkulimaWaUsa

Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita, nimeona si vizuri kuchukua elimu halafu nikapotea.

Nianze na aibu. Sinia la kwanza la kupalia niliunguza. Shem alisema makaa mawili matatu chini, mimi nikasema mawili matatu yatatosha nini, nikaweka saba. Nusu saa tu zinachemka kama supu, nikaondoa mfuniko kwa hasira majivu yakadondokea humo. Tukala hivyo hivyo na ugali, mke wangu akasema zina ladha ya mochwari sijui alishaonja wapi. Sinia la pili nikafuata masharti, makaa mawili chini, juu nikajaza, kijiti pembeni, nikakaa kwenye kigoda nasikiliza mlio kama daktari. Jamani. Zile kingo zimejikunja zimekuwa nyeusi kidogo, ukiuma inaanza chumvi halafu sukari halafu uchachu unakuja mwisho nyuma ya ulimi. Mtoto yule aliyekuwa analia alikula nane akiwa amesimama. Tumeoka masinia kumi na moja, yako kwenye friza ya mama mkwe, yeye ana kubwa, tumekubaliana nusu yake nusu yangu ingawa nikihesabu vipakiti naona nusu yake ni kubwa kuliko nusu yangu.

Achari ya bibi nilipika chupa tisa. Uwatu niliupata. Nilizidisha kidogo, ni chungu mwanzoni lakini baada ya wiki imetulia. Mwenye nyumba wa jirani ameninunulia chupa mbili na amerudi kuuliza.

Ya chupa za kuweka kabatini nilifanya sita tu, nikatafuta zile zenye mfuniko wa chuma, ndimu ya unga robo kijiko, dakika 45 kwa saa. Tano zimekaza, mfuniko umezama katikati ukibonyeza haulii. Moja nilikosa mfuniko mpya nikatumia wa plastiki wa chupa ya mayonezi, dada alishasema na mimi nikajifanya sikusoma. Siku ya tatu nasikia "pu" jikoni usiku, tukadhani panya, asubuhi mfuniko uko sakafuni na povu limetambaa mpaka kwenye sukari. Nimeimwaga yote na kitambaa nilichofutia nimechoma.

Biashara sasa. Mpishi wa Kijenge alikuja kweli, si mtu wa maneno, alipima na mzani wake akalipa pale pale, na sasa anachukua ndoo mbili kila nikivuna, zile zilizopasuka na zilizozidi kuiva. Bei si ya lodji ila hazilali. JB nimefanya kama ulivyosema, nilizunguka sehemu za nyama choma kuanzia hapa Usa mpaka Tengeru, wanne wamekubali, mmoja akanifukuza akidhani nauza ngogwe changa. Wale wanne wanataka ngumu zenye wekundu wa shavuni, kwa hiyo ule ushauri wa dada wa Ngarenanyuki wa kuchuma mapema umeniokoa mara mbili, sipati mpasuko na wao wanakaa nazo siku nne.

Swali lililobaki, hii sosi na achari nikitaka kuuza dukani kihalali nianzie wapi?

MpishiKijenge

Anzia SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, pale mjini, wanafundisha usindikaji na watakuelekeza vifungashio, halafu nembo ya ubora ni TBS, shirika la viwango, chakula kilihamia kwao 2019 kabla ya hapo ilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Ila usikimbilie, kwanza pika mara kumi uone kama mara ya kumi inafanana na ya kwanza. Mimi yangu bado inanichezea.

Bi_Mkunazini

Uwatu nilikwambia. Haya, nitumie chupa moja kwa basi mpaka Dar, mwanangu yuko Kariakoo atanipandishia boti. Na zile ndoo tano za sebuleni zimekwisha?

MkulimaWaUsa

Zimekwisha bibi. Leo asubuhi nimevuna nyingine nne.